Mayai Bila Chipsi Karibu na Soko la Mwanjelwa
Kwa kuwa nimepunguza vyakula vya wanga, nilitafuta jijini Mbeya kifungua kinywa kisicho na chapati wala chipsi, nikakipata katika mgahawa mdogo ulio karibu na soko la Mwanjelwa. Mama anayepika hapo hakushangaa nilipoomba chipsi mayai bila chipsi: alikaanga vitunguu, hoho na mchicha kwa mafuta kidogo ya alizeti, akamimina mayai matatu aliyoyapiga vizuri, akafunika kikaango na kupunguza moto wa mkaa hadi yakashikana bila kukauka. Pembeni aliweka parachichi la Rungwe, nami nilishiba hadi alasiri, kwani yai moja lina takribani gramu 6 za protini na wanga usiofika gramu 1.

Mayai ya kuchemsha hayakunifurahisha, kwa sababu viini vilikuwa bado vibichi. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, kwa hiyo yai huhitaji dakika moja au mbili zaidi. Nilimweleza Mama, naye akayarudisha jikoni bila kununa.