Mto wa kupigia picha vichanga: ulikuja mtupu, nikaujaza mara tatu

Nianze na lililoniudhi. Mto ulifika Malindi umekunjwa kama shuka ndani ya mfuko wa plastiki, na ndani yake hamna kitu. Nililipa shilingi 11,500 pamoja na nauli ya kutoka Mombasa, nikangoja majuma matano, nikafungua nikakuta ganda. Maelezo ya muuzaji yalisema hivyo, kwa maandishi madogo chini kabisa, baada ya picha kumi na mbili za mto uliotuna na kitoto cha watu kimelala juu yake raha mustarehe. Sikusoma. Wewe soma.

Mimi nina studio ndogo mtaa wa Barani, hapa Malindi, mwaka wa kumi na moja huu. Kazi yangu ni picha za pasipoti, za shule na za harusi, na kwa miaka mitatu sasa napiga vichanga pia. Kwa asiyeujua mto wenyewe: ni duara la upana wa mita moja hivi, kimo chake kinafika magotini, nje rekisini, ile ngozi ya bandia, ndani punje nyepesi nyeupe kama zile za boksi la televisheni. Mtoto wa siku saba au kumi bado hujikunja kama alivyokuwa tumboni, na usingizi wake ni mzito. Unatandika blanketi juu ya mto, unalivuta na kulibana kwenye stendi nyuma lisiwe na makunyanzi, kisha unakunja leso ndogondogo na kuzipenyeza chini ya blanketi, moja kifuani, moja kiunoni, mpaka mtoto akae kichwa juu kidogo na uso upande wako. Mwenyewe unapiga umepiga goti, mgongo haukuumi. Hiyo ndiyo faida, na ni kubwa.

Lakini ganda tupu halibebi mtoto, na punje zile Malindi sikuzipata.

Hapa kwetu ukisema mto, akili inakwenda kwenye sufi. Nikanunua sufi, tukajaza mimi na binti wa dada yangu anayenisaidia, tukashinda tunapiga chafya. Ukapendeza! Laini, umetuna, kila aliyeingia dukani alitaka kuukalia. Ila mimi simweki mtoto wa mtu mahali ambapo sijapajaribu. Nikachukua paketi ya unga ya kilo 2 na sukari ya kilo 1, nikazifunga pamoja ndani ya leso. Kilo tatu, huo ndio uzito wa mtoto anayezaliwa, akizidi au kupungua kidogo. Upande wa sukari nikaufanya kichwa. Nikamlaza, nikaenda kumhudumia mteja wa pasipoti.

Niliporudi baada ya nusu saa sukari ilikuwa imezama, na kichwa kimeinama kifuani.

Nieleze kwa nini hilo lilinitia baridi. Kichwa cha kichanga ni kizito ukikilinganisha na mwili wake, na shingo haijapata nguvu. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Kidevu kikigusa kifua, njia ile hubanwa, na mtoto hawezi kuinua kichwa ajiokoe. Hata kulia halii, kwa sababu kulia kunataka pumzi. Anayemtazama kwa mbali ataona mtoto ametulia vizuri. Ule ulaini tunaoupenda kwenye picha ndio unaommeza. Basi sufi yote ikatoka, na kwa taarifa yako, tulipoitoa ilikuwa imeanza kufanya mabonge kwa unyevu, na kusi hata haijaanza.

Mara ya pili nilijiona mjanja. Shemeji yangu anafanya kazi na wachuuzi wa samaki, akaniletea maboksi meupe yaliyovunjika, yale ya kuwekea barafu. Tukayaosha kwa sabuni, tukayaanika juani siku tatu, kisha tukayakuna kwa mbuzi ya nazi. Usicheke. Yalikunika, lakini vumbi lake lilinata kwenye mikono, kwenye nywele, kwenye kuta, na likiguswa linaruka. Tukajaza hivyohivyo. Mto ukawa mgumu wa kutosha, unga haukuzama. Nikaupeleka kazini, nyumba moja ya Maweni, mchana wa Februari. Chumba kilipopata joto, mto nao ukaanza kusema ulikotoka. Bibi wa mtoto alikuwa amekaa kitandani, akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, akaniuliza, "Mwanangu, mjukuu wangu unataka kumpiga picha au kumpaka viungo?"

Nikafungasha. Mtoto sikumgusa, na kianzio nikakirudisha kwa M-Pesa hapohapo mlangoni. Picha nilikuja kuzipiga siku ya pili yake juu ya godoro dogo la mtoto tulilolitandika sakafuni karibu na dirisha, na zikawa nzuri, jambo ambalo nitalirudia.

Mara ya tatu nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo. Nikaagiza punje zenyewe Mombasa kwa watengenezaji wa viti vya kujazwa punje, magunia mawili, 4,800. Gunia moja na nusu lilitosha. Kipimo changu ni hiki: nikikandamiza kwa ngumi, ngumi izame mpaka kifundo cha mkono, isifike katikati ya mkono. Ikizama zaidi, ongeza. Mto uliojazwa nusunusu ni hatari kuliko kutokuwa na mto. Nikaurudisha unga na sukari, dakika arobaini, havikusogea. Punje husagika zikitumika, kwa hiyo kila baada ya miezi michache narudia kupima, na mara mbili nimeongeza.

Kuhusu zipu. Ganda lina zipu moja tu, ndefu, inafunguka kwa kuvuta kama ya begi la shule. Kaka wa mtoto mmoja, umri wake miaka mitatu, aliivuta nikiwa nabadilisha lenzi. Punje kama kumi zilimwagika, binti wa dada yangu akamdaka. Punje zile mtoto akizivuta puani au akizimeza zikapita njia ya hewa, mmeharibikiwa. Jioni ile nilimpelekea fundi cherehani wangu, akashona mfuko wa ndani wa kitambaa cha shuka, akatia punje humo, na zipu ya nje akaipiga uzi kabisa. Shilingi 900. Muuzaji alipaswa kuutengeneza hivyo tangu kiwandani.

Rekisini nayo ina mazuri na mabaya. Uzuri wake, mtoto akikojoa, na atakojoa, unafuta. Kila baada ya mtoto naipangusa kwa sabuni, kisha dawa ya kuua vijidudu, naiacha ikauke yenyewe, na mablanketi na leso zote zilizotumika zinakwenda kufuliwa kwa maji moto. Siyo ushamba wa usafi. Hapa Kenya mtoto akizaliwa huchanjwa BCG na kupewa matone ya polio, lakini chanjo inayomkinga na kifaduro huanza wiki ya 6. Mtoto wa siku tisa ninayempiga picha hana kinga hiyo. Nikiwa na mafua siendi, hata kama nimekula kianzio.

Ubaya wake ni joto. Maelekezo ya wenzetu wa nchi za baridi husema washa hita chumba kifike nyuzi 26 au 28. Malindi mwezi wa pili, bila feni, tumeshapita 30 na mtoto yuko juu ya rekisini isiyopitisha hewa. Shida yangu mimi ni kumpoza. Chini natandika leso mbili za pamba, blanketi la manyoya linakuja mwisho kwa dakika chache za picha na kuondolewa. Feni naigeuza itazame ukuta, maana kichanga aliye uchi akipulizwa moja kwa moja hupoa haraka hata hapa kwetu. Kila mara natia vidole kwenye ukosi wake. Ukiwa na jasho, au amekuwa mwekundu, au anapumua mbio, picha zimesimama, avuliwe, anyonyeshwe. Mguu uliokunjwa chini yake ukianza kubadilika rangi, unatolewa, hata kama ndiyo picha ya mwaka.

Sasa lile pozi la chura. Kila mama ana picha yake kwenye simu: mtoto amekaa kama anawaza, kidevu juu ya viganja, viwiko chini. "Dada, mimi nataka hii." Tangazo la mto huu limeitumia picha hiyo, na hapo naona muuzaji amefanya vibaya, kwa sababu mtu ataamini mto ndio unaomshikilia mtoto. Haumshikilii. Zile ni picha mbili. Ya kwanza, msaidizi ameshika kichwa kwa juu. Ya pili, ameshika mikono chini ya kidevu, kichwa kimetulia. Kisha unakaa kwenye kompyuta, unaziunganisha na kufuta mkono. Kichanga hajabeba kichwa chake hata sekunde moja. Mimi nalipiga mara chache, mtoto akiwa amelala fofofo, na akikunja uso tu tunaacha. Wengi hawahitaji. Mtoto aliyelala ubavu, ngumi shavuni, anatosha sana.

Na mkono wa binti wa dada yangu hautoki kwa mtoto, pozi liwe lolote. Hushika simu yake akiwa nje. Mimi nikisimama juu ya mto kupiga kwa juu, mkanda wa kamera uko shingoni. Pete zimebaki nyumbani.

Usafiri: kwa kuwa nyumba nyingi mzazi hatoki mpaka arobaini, na mtoto wa siku arobaini ameshajinyoosha na anakukodolea macho, lazima niende mimi kwao. Mto hauingii kwenye boda. Kwenye tuktuk unakaa kiti chote cha nyuma, mimi nakaa mbele na dereva, na dereva ananilipisha abiria watatu. Nikibishana ananionyesha mto: "Huyu si mtu mzima?" Kwa mwezi nauli tu inakula faida ya mtoto mmoja. Rekisini pia imeanza kupasuka upande uliokuwa unaelekea dirisha. Jua na chumvi ya hapa havina rafiki.

Jambo jingine ambalo huulizwa na akina mama, na juzi dada wa mzazi mmoja aliniuliza akiwa na pesa mkononi: "Huu si utuuzie, alale humu usiku?" Hapana. Juu ya mto mtoto anakaa akiwa na macho ya watu wawili na mkono wa mmoja. Kulala ni chali, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mito. Nilimwambia hata bure sitoi.

Mtaona picha nilizoambatisha ni za paketi ya unga iliyofungwa leso. Ndiyo. Watoto wa wateja siwaweki hapa. Wengine kwao mtoto haonyeshwi watu kabla ya arobaini kwa kuogopa kijicho, na hata asiyejali hayo, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi. Unga haukulalamika, na jioni uliliwa chapati.

Nyota tatu kati ya tano. Ganda limeshonwa imara, umbo ni zuri, mishono haijaachia kwa mwaka mmoja na nusu. Nyota moja nimekata kwa zipu, nyingine kwa lile tangazo la chura na punje zisizokuwamo. Jumla imenitoka 17,200 ukiacha sufi, ambayo sitaki kuihesabu. Kama unapiga vichanga wanne au watano kwa mwezi, nunua, ujaze kwa punje zenyewe. Kama ni mmoja leo na mwingine baada ya Idi, usijisumbue: godoro gumu la mtoto sakafuni, leso nne, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na mtu wa kukaa naye asiyebanduka. Picha za yule mjukuu wa Maweni zilipigwa hivyo, na bibi yake ametundika moja sebuleni.

Punje zilizobaki kwenye gunia la pili ziko juu ya kabati. Anayezihitaji aje na mfuko wake, nitampa kwa bei niliyonunulia. Zile zilizokunwa kwa mbuzi sitoi, nilizitupa, ingawa mpaka leo nikifagia nyuma ya mlango nakutana nazo.