Kikoba chetu Unguja: siku mbili tulizozichangia wiki 37

Sisi ni wanawake 14 wa kikoba kimoja cha Tabata. Mdogo wetu ana miaka 29, mkubwa wetu ana 67 na tunamwita Bi Mkubwa. Miaka mingi amekaanga samaki pale Feri, boti za Unguja zikitoka na kuingia mbele ya macho yake, na alikuwa hajawahi kupanda hata moja. Ndiye aliyelileta jambo hili kikaoni: "Nitakufa nawapungia wenzangu mkono tu?" Tukakubaliana kila mmoja aweke 5,000 kwa wiki, mbali na hisa. Wiki ya 37 kila mtu akawa na 185,000, bei ya kifurushi cha siku mbili na usiku mmoja tulichouziwa na mwandaaji mmoja wa safari hapa Dar.

Ndani ya bei tuliambiwa kuna boti kwenda na kurudi, gesti pamoja na chai ya asubuhi, mtu wa kututembeza Mji Mkongwe, mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, kwenye kobe, na shamba la viungo. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo lawama zote zingeniangukia. Nilihangaika kutafuta kikundi kilichokwishasafiri namna hii kiniambie ukweli, sikukipata. Ndiyo sababu naandika.

Tulisafiri mwishoni mwa Julai. Boti yetu ilikuwa ya saa 1 asubuhi, na saa 11 alfajiri tulikuwa tumeshashuka kwenye kosta mbele ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, ng'ambo ya barabara kutoka bandarini. Kila abiria anaulizwa kitambulisho. Mwenzetu mmoja alikiacha kwenye mkoba mwingine, mumewe akakileta kwa bodaboda zikiwa zimebaki dakika chache geti lifungwe. Katibu, kagua vitambulisho vya watu wako usiku wa kuamkia safari, mmoja mmoja, kwa mkono wako.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Bi Mkubwa hakukaa. Alisimama nyuma kabisa, ameshika chuma, anaitazama Dar inavyopungua mpaka ikawa mstari. Sikumsemesha.

Tulipofika gesti, mtaa wa Kiponda, ndipo nilipoanza kuona kasoro. Nyumba yenyewe ni nzuri, ya kale, kuta nene, mlango wa mbao uliochongwa maua na kupigwa njumu za shaba. Lakini vyumba vyetu vilikuwa ghorofa ya tatu, na ngazi za nyumba zile ni za mbao, nyembamba, zimesimama kama za kupandia dari. Tunao wanne wenye matatizo ya magoti. Mwandaaji alichukua majina yetu, namba zetu na pesa zetu, hakuuliza umri wa mtu hata mmoja. Tena tuliahidiwa watu watatu kwa chumba, tukalala wanne. Mwenye gesti, mama wa makamo, ndiye aliyetustiri: alimhamishia Bi Mkubwa chumba cha chini ambacho huwa anakitumia mwanawe. Hakudai hata senti. Alisema tu, "Mama hawezi kupandishwa kule, haifai."

Sasa niseme kilichonifanya nisijutie pesa yangu. Kijana aliyetutembeza mji ni mzaliwa wa hapo hapo, na alitusemesha Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mtu anaweza kuona hilo ni dogo. Siyo. Historia ile alitupa kama mambo ya ukoo, anasimama, anauliza, anajibiwa. Kwenye milango alitufundisha kutofautisha: ule wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni wa mtindo wa Kiarabu, wenye upinde juu ni wa Kihindi. Baada ya hapo akina mama walikuwa wanashindana kutaja kila mlango tunaoupita. Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, tuliliona kwa nje tu, maana sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mkunazini ndipo tulipotulia. Kanisa kuu la Anglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Ukitoka hapo unashuka kwenye vyumba vya chini, dari inakugusa kichwa, hewa nzito. Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Ujiji. Yule kijana aliposema kuwa wengi waliouzwa hapa walitembezwa kwa miguu kutoka Ujiji, kupitia Tabora hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,000, kisha wakavushwa kwa jahazi, dada yule alikaa chini pale pale. Akasema kwao kuna miembe mikubwa ambayo bibi yake alimwambia ilikuwa njia ya misafara, na yeye utotoni alikuwa anaokota embe tu. Kijana hakumharakisha. Alitupa muda, akasimama mlangoni akiwaomba wageni wengine wasubiri kidogo. Kwa dakika zile peke yake ningemlipa mara mbili.

Jioni tukaenda Forodhani. Vijana wanapiga makachu, wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, watu wanashangilia, mishikaki ya pweza inaungua kwenye makaa. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ilinikata uchovu wote. Ushauri wangu ni kuuliza bei kabla kitu hakijawekwa jikoni, maana wawili wetu walilipa sahani moja bei tofauti kwa mtu yule yule. Urojo tulikula hapo, lakini tulioupenda ni wa asubuhi yake, wa mama mmoja kibarazani karibu na gesti: mzito, mchachu kwa ukwaju na embe, bajia zake za moto, na bei ndogo kuliko Forodhani.

Siku ya pili iliharibiwa na ratiba. Changuu, shamba la viungo, chakula cha mchana na boti ya saa 10 jioni, vyote vimesongamanishwa. Changuu ni mwendo wa nusu saa hivi kwa mashua, na unashukia majini, kwa hiyo nguo ndefu mzifunge vizuri. Pale tukaambiwa kiingilio cha kisiwa hakimo kwenye kifurushi. Nilirudia kusoma karatasi yetu: imeandikwa "Changuu", basi. Kila mmoja akatoa mfukoni, wengine wakakopeshana. Kobe wale ni wakubwa ajabu, kizazi cha kobe wanne walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, nasi tulipewa dakika arobaini za kuwaona. Bi Mkubwa alimlisha mmoja majani, kobe akanyoosha shingo polepole kuelekea mkononi mwake, na hapo hapo tukaitwa tuondoke. Shamba la viungo tulilipita mbio mbio. Nilinusa mdalasini, nikaona kungumanga ndani ya utando wake mwekundu, nikarudi kwenye gari. Chakula cha mchana tulikula bandarini, kimepoa.

Kurudi Dar ilikuwa kazi. Msimu wa kusi upepo unatoka kusini, kwa hiyo ukielekea Dar boti inakutana na mawimbi uso kwa uso. Wahudumu walishagawa mifuko kabla hatujatoka bandarini, na saba kati yetu waliihitaji. Mwenye kichefuchefu cha safari anywe dawa mapema na akae chini, katikati ya boti, asisubiri mpaka aanze kuumwa.

Je, ningelipa tena? Kwa mwandaaji yule, hapana. Nilimpigia kumweleza habari ya ngazi, chumba na kiingilio, akasema vikundi vingine havijalalamika. Lakini Unguja tutarudi, na tutampigia kijana wetu wa matembezi moja kwa moja, tiketi za boti tukate wenyewe, na kwa mama wa Kiponda tumeshaomba vyumba vya chini kwa Januari, wakati wa kaskazi, alituambia bahari huwa imetulia zaidi. Safari hii ni usiku mbili, na siku nzima ya pili haina kitu kingine ila Changuu asubuhi na kutembea mjini jioni.

Daftari limeshafunguliwa. Jumapili iliyopita wa kwanza kuweka 5,000 alikuwa Bi Mkubwa, na amesema kobe wake bado hajashiba.