Fonti ya programu yenye lugha nyingi: ipi kwanza, ipi mwisho

Kabla ya kulipia fonti yoyote, bandika neno la Kiyoruba lenye ẹ́ kwenye sehemu ya majaribio ya muuzaji. Herufi hiyo haina namba yake moja katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake. Huundwa kwa ẹ (U+1EB9) ikifuatwa na alama ya toni (U+0301), na fonti ndiyo inayopaswa kujua alama ikae wapi. Alama ikielea kando, achana na fonti hiyo hata iwe nzuri namna gani. Fonti nyingi zinazotangazwa kuwa na herufi za Kilatini zimetengenezewa Ulaya tu, na msomaji wa Kihausa anayetafuta ɓ, ɗ na ƙ huishia kuona visanduku vitupu.

Nafasi ya kwanza naipa Noto ya Google. Ni ya bure, na inabeba mifumo ya maandishi zaidi ya 100, ikiwemo N'Ko, Adlam na Kiethiopia. Leseni yake ya SIL Open Font License inakuruhusu kuifungasha ndani ya programu unayoiuza. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti peke yake. Kasoro yake ni uzito. Noto Sans CJK, ya Kichina, Kijapani na Kikorea, iliyotoka 2014 kwa ushirikiano na Adobe, ina maumbo ya herufi 65,535, ambacho ndicho kikomo cha faili ya OpenType, muundo wa kawaida wa faili za fonti. Kwa hiyo chukua mifumo ya maandishi unayoihitaji tu, na ukipunguza faili usikate majedwali ya GSUB na GPOS yaliyo ndani ya fonti. Hayo ndiyo yanayounganisha herufi za Kiarabu na kuweka alama mahali pake. Inaniuma kuona yakiondolewa ili kuokoa kilobaiti chache: Kiurdu kinavunjika, na kwenye timu hakuna anayekisoma ili agundue.

Ya pili ni familia ya SIL, shirika la masuala ya lugha: Charis, Andika, Abyssinica, Scheherazade New. Kama lugha zako ni za Kiafrika na zinaandikwa kwa Kilatini, anza hapa kabla ya Noto. Charis na Andika zina maumbo mbadala ya Ŋ kubwa, kwa kuwa si kila jamii ya wasomaji inaitaka kwa sura ileile.

Za kulipia nazipa nafasi ya tatu. Zinafaa pale kampuni inapotaka sura yake yenyewe. Dai orodha ya lugha kwa majina, si idadi ya maumbo. Hakikisha leseni inataja programu za simu, kwani leseni ya kompyuta mara nyingi huuzwa kando na ya simu. Uliza pia kama unaruhusiwa kuongeza herufi iliyokosekana. Leseni nyingi zinakataza.

Fonti za mfumo, yaani zinazokuja na Windows na mifumo mingine ya uendeshaji, ni za akiba. Windows 7 ilikuja na fonti ya Ebrima kwa maandishi ya N'Ko, Tifinagh na Vai, lakini huwezi kuihamishia kwenye simu ya mteja.

Vifurushi vya mamia ya fonti kwa bei ya moja sivipendekezi kabisa.

Ukichagua ya bure, fedha iliyobaki mlipe msomaji wa kila lugha akague skrini zote kabla hujatoa toleo.