Duka la tiketi Ngamiani: walinihesabia safari tangu Kange hadi Mumbai

Mwezi wa nne nilimpeleka mama Mumbai kwa matibabu ya moyo. Wakala wa kwanza niliyemwendea hapa Tanga aliniambia ndege kutoka Dar inakaa angani saa nane na nusu. Nilirudi nyumbani nimeishiwa nguvu. Mama huvimba miguu akikaa kitako saa tatu tu.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwenye kiduka cha tiketi cha Ngamiani, Barabara ya 9. Kijana wa pale alimwamkia mama shikamoo, akampisha kiti chake, akanisikiliza mpaka mwisho ndipo akashika kalamu. "Dada, huyo alichukua saa ya kufika akatoa saa ya kuondoka. India wametutangulia kwa saa mbili na nusu. Angani mtakaa saa sita hivi." Dar hadi Mumbai ni kama kilomita 4,680 ukipima moja kwa moja juu ya bahari, na ndege kubwa ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Ongeza muda wa kupaa na kutua, unapata hizo sita. Wakati wa kurudi hesabu ile ile ya makosa inakupa saa tatu na nusu, na wapo wanaoamini kweli kwamba kurudi ni haraka.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni kwamba safari yetu aliianzia stendi ya Kange. Tanga na Dar kwa anga ni kilomita 200 hivi tu, ila basi linazungukia Segera na Chalinze, kama kilomita 350, saa sita au zaidi. Yaani muda wa basi letu ni ule ule wa kuvuka Bahari ya Hindi! Bado foleni ya Dar kutoka stendi ya mabasi ya Mbezi hadi uwanja wa ndege, na uwanjani ufike saa tatu kabla. Akatushauri twende Dar siku moja kabla, mama alale, kesho yake ndio tusafiri. Tulifanya hivyo na miguu yake haikuvimba.

Tiketi yetu ilisomeka kuondoka 17:00, kufika 01:30, na pembeni +1. Aliizungushia duara ile +1 na kuniandikia kwa Kiswahili: "mnaondoka saa kumi na moja jioni, mnafika saa saba na nusu usiku wa huko, tarehe imeshageuka." Mimi nilikuwa nimewapa watu wa hospitali tarehe ya kuondoka, wangekuja kutupokea usiku ambao sisi bado tuko Dar. Nikawapigia palepale.

Akauliza na dawa. Mama humeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kijana akasema saa ya mkononi mwa mama isiguswe ndani ya ndege, ameze kwa saa ya nyumbani, mengine daktari atapanga. Ni swali ambalo hata mimi mwanawe sikuwa nimelifikiria.

Kasoro zipo. Yuko peke yake, benchi ni moja, nami nilisubiri zaidi ya saa nzima. Umeme ukikatika, tiketi haitoki kwenye karatasi, unatumiwa kwenye simu. Nendeni asubuhi mapema, na siku ya Ijumaa msiende mchana, anafunga kwenda kuswali.

Mwezi wa kumi mama anarudi kwa vipimo. Tiketi nimeshakata kwake.