TAHADHARI: Barua ya Dickens kwenye fremu nyeusi ni ya kuchapwa, msinunue

Wadau wa saini na barua, yule anayeuza barua za waandishi maarufu ndani ya fremu nyeusi ni TAPELI. Naona aibu kuandika hivi, maana pauni 1,400 zimekwenda kwa barua ya Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na karibu kila kitu kilikaguliwa kabla ya kulipa.

Mwandiko ulikuwa wenyewe. Karatasi ya buluu, wino wa buluu, juu anwani ya Gad's Hill Place, Higham by Rochester, Kent, ile nyumba aliyoinunua Dickens 1856 na kufia humo 1870. Siku ya mwezi imeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu, kama alivyozoea. Chini ya jina, ile mistari yake ya kujizungusha. Mghushi wa mkono hukwama hapo hapo: mistari ile ilichorwa kwa kasi, na anayeiga huenda polepole, kalamu ikatetemeka. Hapa hapakuwa na mtetemo hata chembe. Nani asingeamini?

Halafu akanimaliza kwa kitabu. Akataja juzuu la 11 la barua za Dickens, toleo la Pilgrim lenye juzuu 12, lile la miaka 1865 hadi 1867, na ukurasa akautaja. Nikafungua: maneno yale yale, mkato kwa mkato. Nikalipa usiku ule ule, tena kwa njia ya kutumiana pesa ndugu na marafiki, ile isiyomlinda mnunuzi, kwa sababu eti angepunguza pauni 60. Sasa sikilizeni. Chini ya kichwa cha barua, toleo lile hutaja kwa kifupi karatasi ya asili iko wapi. Ya asili ya barua hii iko maktaba, Marekani. Mstari mmoja tu, mbele ya macho, haukusomwa. Alijua hausomwi!

Fremu ilikuja na kibandiko nyuma: ukifungua, dhamana imekufa. Imefunguliwa. Kitu cha kwanza ni mikunjo. Karatasi ina mkunjo wake halisi katikati, unaoushika kwa kidole. Milimita nne hivi juu yake kuna mstari mwembamba wa kijivu, na kidole hakisikii kitu. Ule ni kivuli cha mkunjo wa barua ya asili, umechapwa pamoja na maneno! Barua moja, mkunjo mmoja wa kweli na mwingine wa picha.

Lensi ya kukuza mara 10 ikamaliza ubishi. Wino wa kalamu ya unyoya huzama kwenye nyuzi za karatasi, hujaa pale kalamu inapotua, na mistari miwili ikipishana, penye makutano huwa peusi zaidi. Kwenye ile mistari ya chini ya jina, makutano yote yana rangi ile ile, na ukitulia unaona vidoto vya waridi na njano ndani ya buluu. Ni printa ya wino ya mezani. Ndiyo maana mwandiko ulikuwa wenyewe: ni picha ya barua ya kweli.

Taa ya mionzi ya urujuanimno nayo haikusaidia, na hili mlishike. Karatasi za kisasa nyingi huwaka nyeupe ya samawati kwa sababu ya dawa za kung'arisha zilizoanza kutiwa katikati ya karne ya 20. Hii haikuwaka, kwa sababu karatasi ni ya zamani kweli. Barua nyingi za enzi ya Victoria ni karatasi moja iliyokunjwa kuwa kurasa nne, na nusu ya pili mara nyingi ni tupu. Huyu anazikata nusu hizo. Ukingo mmoja wa hii umekatwa juzi, una weupe ambao kingo nyingine tatu hazina.

Sheria ya Uingereza ya 2006 ya utapeli inafika miaka 10 jela. Apewe yote 10, na printa yake ivunjwe mbele yake. Anatia uchafu vitu ambavyo watu wamevitunza kwa miaka 150, na anayeanza leo akipigwa hivi hatanunua tena barua maishani. Akamatwe!

Dalili zilikuwepo. Hatoi picha ya nyuma ya karatasi wala ya mwanga wa ubavuni. Cheti cha uhalisi amejisainia mwenyewe. Barua ya 1909 aliyouza mwezi jana ilikuwa na anwani ya London S.W.1, na namba zile za posta zilianza 1917. Wapo waliosema, hatukuwasikiliza.

Leo ametundika barua ya Byron, mshairi wa Kiingereza: Venice, 27 Aprili 1819, kwa mhariri wa gazeti la Galignani's Messenger, Paris. Msiiguse! Barua hiyo ilichapwa kama nakala ya mwandiko ndani ya matoleo ya kazi za Byron yaliyotolewa na wachapishaji Galignani, na nakala hizo zilizochomolewa vitabuni zimeuzwa kama asili mara nyingi mno.

Aliyenunua kwake fremu yoyote atume picha ya kibandiko cha nyuma na risiti ya malipo. Ripoti inakwenda polisi Ijumaa, na tukiwa watatu itapokelewa kwa uzito kuliko nikiwa peke yangu.