Kulala kwa familia Amantaní: nendeni, ila hela mpeni mama mwenyewe mkononi

Wanaoniuliza kuhusu kulala kisiwani Amantaní, Ziwa Titicaca upande wa Peru, jibu langu ni nendeni, ila msilipie mjini Puno, kule boti zinakoanzia. Mimi nililipa kila kitu kwa wakala mmoja pale, boti, msosi na malazi, akaniapia hela ya kulala yote inaenda kwa familia, kufika huko mama mwenyeji akanionyesha kwa vidole alichopewa, haifiki hata nusu, mwanae ndo akawa anatafsiri kwa Kihispania maana mama anaongea Kiquechua tu. Iliniuma jamani, maana yule mama alinihudumia kama mtoto wake.

Boti ni masaa matatu na zaidi. Magari hakuna, ni kupanda kwa mguu, na ziwa lenyewe liko mita 3,812, yaani juu kuliko kambi ya Horombo kule Kilimanjaro, kwahiyo ukikurupuka na begi mgongoni pumzi inakata.

Jikoni kwa mama ndo penyewe. Jiko la udongo, moshi mpaka machozi, yeye kakaa chini anachochea kuni huku anamenya viazi, inakuja supu nzito ya kinoa, zile punje ndogo kama nafaka za huko, jibini ya kukaanga, halafu chai ya muña, majani yananukia kama mnanaa ila makali zaidi, wenyewe wanainywa kwa ajili ya tumbo na kichwa cha mwinuko na mimi kichwa kilitulia. Nikaona pia chuño, viazi vyeusi vigumu kama kokoto, vinaachwa nje usiku vigande kwa baridi, mchana vinakanyagwa kwa miguu maji yatoke halafu vinaanikwa juani, vinakaa miaka haviozi. Siku ya kwanza niliona vina ladha ya udongo, siku ya pili nikaomba viongezwe.

Jioni pandeni kilima cha Pachatata mkaone jua likizama ziwani, ila bebeni koti zito, usiku baridi ni kali mno na choo kiko nje. Blanketi nilipewa manne, mazito mpaka kujigeuza ni kazi.

Mkienda bebeni mchele, sukari, matunda, vitu vya dukani kule vinaletwa kwa boti. Na asubuhi shukeni bandarini Puno mtafute boti ya wanakisiwa wenyewe, nauli mnalipa humo humo, ya kulala mnampa mama.