Nimeuza nyumba bila dalali: tathmini ya huduma niliyoitumia

Nyumba niliyokaa kwa miaka 14 nimeiuza mwenyewe, bila dalali, kwa kutumia mojawapo ya huduma za mtandaoni ambazo humtoza mwenye nyumba ada moja tu, iwe nyumba imeuzika au haikuuzika, na kumwachia kazi iliyobaki. Kwa ada hiyo nilipata tangazo la miezi sita, mpiga picha aliyefika mara moja, kalenda ya kupangia miadi ya wateja, kikokotoo cha kukadiria bei na mfano wa mkataba wa mauzo. Vitu hivi vimetofautiana mno kwa ubora, na anayefikiria kufuata njia hii anastahili kujua ni kipi cha kutegemea na ni kipi cha kutafuta kwingine.

Picha zilikuwa kazi ya hali ya juu. Kijana aliyetumwa alifungua mapazia yote, akawasha taa mchana kweupe, akaniomba nibandue karatasi zilizojaa kwenye mlango wa friji, kisha akapiga kila chumba akiwa amesimama kwenye kona, kamera ikiwa usawa wa kifua, hata kuta zikaonekana zimenyooka. Wateja walifika wakijua mlango upi unaelekea wapi, na waliofika kupoteza muda walikuwa wachache. Kalenda nayo ilifanya kazi bila kukwama.

Kikokotoo cha bei ndicho kilichonisikitisha. Kinauliza ukubwa wa nyumba, idadi ya vyumba na mwaka wa ujenzi, kisha kinalinganisha na nyumba zilizouzwa jirani, lakini hakina namna ya kujua kwamba paa limebadilishwa lote. Niliweka bei kiliyonipa, na kabla ya jua kutua nilikuwa nimepigiwa simu na watu watatu, wawili kati yao wakiwa tayari kulipa bila kuomba kupunguziwa hata kidogo. Nilifurahi kwa saa chache, mpaka nilipojiuliza kwa nini hakuna aliyependa kupatana. Niliondoa tangazo usiku uleule, nikamwita mthamini aliyesajiliwa. Naye alizunguka nyumba kwa muda wa saa mbili, akapanda hadi darini, na bei aliyoiandika ilizidi ile ya kikokotoo kwa asilimia 9. Ni kweli kwamba dalali mzoefu angeliona hilo siku ya kwanza.

Hata hivyo, si haki kudhani kwamba dalali angepigania asilimia hizo kama mwenye nyumba anavyozipigania. Malipo yake ni sehemu ndogo ya bei, kwa hiyo bei ikipanda kidogo kamisheni yake huongezeka kwa kiasi kisichotosha kumfanya asubiri wiki nyingine mbili. Wachumi Steven Levitt na Chad Syverson walilichunguza jambo hili nchini Marekani kwa kutazama mauzo ya nyumba karibu 100,000 katika eneo la Chicago, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2008 waligundua kwamba madalali wanapouza nyumba zao wenyewe huzipata bei iliyo juu kwa asilimia 3.7 na huziacha sokoni kwa siku 9.5 zaidi kuliko nyumba za wateja wao. Utafiti mwingine wa nchi hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2009, ulilinganisha nyumba za mji wa Madison zilizotangazwa na wenyewe na zile zilizopitia kwa madalali, na ukaonyesha kwamba bei kabla ya kutoa kamisheni haikuwa chini kwa waliojiuzia, ila walichukua muda mrefu zaidi na uwezekano wa nyumba kuuzika ulikuwa mdogo. Kwangu mimi ilichukua wiki 17. Mtu anayelazimika kuhama ndani ya mwezi mmoja nisingemshauri aanze safari hii.

Jambo ambalo huduma hii hailigusii popote ni uzito wa kukaa uso kwa uso na mnunuzi. Mteja mmoja, mtu mwenye uwezo na nia, alisimama kwenye mlango wa jiko akasema, “Hili litabidi livunjwe lote.” Jiko lile marehemu mama alilipangilia mwenyewe, rafu kwa rafu, na nilimjibu kwa sauti ambayo haikufaa. Aliaga kwa heshima na hakurudi. Dalali angeyapokea maneno yale, akayachuja, na jioni angeniletea kilicho na maana tu, yaani kiasi ambacho mteja anataka kupunguziwa. Baada ya siku ile nilimwomba mdogo wangu awe ndiye anayewatembeza wateja, mimi nikawa natoka nyumbani mpaka waondoke, na mazungumzo ya bei tukayafanya kwa maandishi.

Mfano wa mkataba ningeuondoa kabisa kwenye huduma hii. Una kurasa mbili, na hausemi malipo ya awali yatarudishwa kwa nani iwapo benki itamnyima mnunuzi mkopo, wala tarehe ya kukabidhi nyumba, wala kama majiko na makabati yaliyojengewa ukutani ni sehemu ya mauzo. Wakili niliyemwajiri aliuandika upya, akataka malipo ya awali yakae kwenye akaunti ya wateja ya ofisi yake badala ya kuingia mfukoni mwangu, na akahakikisha hati miliki haina zuio lolote. Ada yake pamoja na ya mthamini hazikufika theluthi ya kamisheni niliyokuwa nimetajiwa na dalali.

Kwenye fomu ya tangazo kuna kisanduku cha kasoro za nyumba, na pembeni yake pameandikwa kwamba si lazima kukijaza. Mimi nilikijaza: niliandika kwamba juu ya dirisha la chumba cha nyuma palikuwa na doa la unyevu, nikataja tarehe ya matengenezo na kuambatisha risiti ya fundi. Mkaguzi aliyeletwa na mnunuzi wa mwisho alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta ule, akagandamiza kipima unyevu palepale, akaandika namba kwenye daftari lake. Mnunuzi alitoa simu, akafungua tangazo langu, akasoma nilichokiandika, kisha akaendelea kutazama vyumba vingine, na bei tuliyokuwa tumekubaliana haikuguswa. Kwa sababu hiyo nawaomba wenye huduma wakifanye kisanduku kile kiwe cha lazima kwa kila mwenye nyumba.